BIBI KATOLEWA MTOTO WA JICHO, NANI ANAMTAZAMA?

Leo tunaweka kando kidogo mambo yetu ya mapenzi na mitindo, tumzungumzie mgeni ambaye siku hizi yupo kwenye nyumba nyingi za mjini. Ni bibi, au babu, kaja toka kijijini kwa basi, kafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na sasa analala kwenye kitanda chako wakati wewe umehamia kwenye kochi sebuleni.

Najua utasema, aah, hayo si mambo ya wazee, mimi yananihusu nini? Yanakuhusu sana tu. Mama yuko sokoni, shangazi yuko kwenye biashara zake, baba ndo kabisa, anarudi usiku. Anayejua saa ya matone ni wewe. Na likitokea la kutokea usiku wa Jumamosi, wa kuliona wa kwanza ni wewe. Au wa kutoliona.

Kwanza nisikutishe. Upasuaji huu ni miongoni mwa ule unaofanywa kwa wingi kuliko mwingine wowote duniani, na wengi sana wanaona vizuri baada yake. Mtu anakwenda ameshikwa mkono, baada ya siku chache anahesabu chenji mwenyewe. Tena ujiandae, maana bibi akishafunguka ataanza kuona vitu ulivyokwisha zoea kumficha: vumbi la juu ya kabati, sufuria lisilosuguliwa, na huyo mshikaji anayekusindikiza mpaka kona kila jioni. Wengine watakwambia rangi zimekuwa kali mno, shuka jeupe limekuwa jeupe kupita kiasi. Hiyo si kasoro. Ule ukungu aliokuwa nao ulikuwa na unjano ndani yake, na sasa umeondoka.

Kinachofanyika ni hivi. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi, na ikizeeka inaingia ukungu. Daktari anaitoa, anaacha kile kifuko chake chembamba, halafu humo anapachika lenzi ndogo ya plastiki. Hapo ndipo maneno ya uswahilini yanapoanza: jicho likiwa jekundu kidogo tu, jirani anasema mwili umeikataa plastiki. Mambo ya plastiki jichoni yalianza London mwaka 1949, na mwanzilishi ni daktari Harold Ridley. Alikuwa ameona kwamba marubani wa vita walioingiwa na vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege machoni walikaa navyo bila jicho kuvikasirikia. Kwa hiyo jirani akianza habari za kukataa plastiki, mwache amalize kahawa yake, wewe angalia mambo mengine ambayo ndiyo yenye noma.

Siku za mwanzo jicho linawasha kidogo, linatoa machozi, linahisi kama limeingiwa na mchanga, na jua linalichoma. Linaweza kuwa na wekundu. Kuona nako kunaweza kuwa na ukungu siku mbili tatu. Yote haya ni ya kawaida, ila kwa sharti moja tu: kila kukicha yapungue. Leo afadhali kuliko jana, kesho afadhali kuliko leo. Mambo yakigeuka, yaani yaliyokuwa yanapungua yakaanza kuongezeka, hapo msingoje mtu amalize chai.

Sasa utajuaje kama yamegeuka? Bibi hasemi! Wazee wetu wana tabia moja, ukimuuliza anakujibu "siumwi sana mjukuu wangu," huku amegeukia ukutani. Hataki kukutia gharama. Anajua nauli, anajua mama yako kashakopa kwenye kikundi. Basi usimuulize anaumwa au haumwi. Mpime.

Kila asubuhi, ukishafungua dirisha, mkalishe mahali pale pale. Mwambie afunike jicho lile ambalo halikufanyiwa kitu, kwa kiganja, bila kulibana. Halafu kwa jicho lililopasuliwa muulize: hivi ni vidole vingapi? Ile kalenda ya ukutani, tarehe ya leo ni ngapi? Kama hajui kusoma, muulize picha ya ukutani ina watu wangapi, au mikono ya saa imeelekea wapi. Dakika moja tu, mmemaliza. Cha muhimu ni kulifunika lile jingine, maana macho mawili yakiwa wazi moja linamfichia mwenzake, na bibi mwenyewe anaweza asigundue kwamba lile jipya limezimika. Jana alisoma tarehe, leo anasema kalenda yenyewe ina wingu? Basi safari imeiva.

Ninachokiogopa kuliko vyote ni maambukizo ndani ya jicho. Si yale ya juu juu ya kope, nasema ndani kabisa. Hayatokei kwa wengi, hawafiki hata mmoja kati ya wagonjwa mia, lakini yakimpata mtu yanaweza kumaliza jicho ndani ya siku chache. Mara nyingi huja katika wiki moja au mbili za mwanzo, ingawa yapo yanayochelewa. Jicho linazidi kuwa jekundu, kope inavimba, maumivu yanapanda badala ya kushuka, mwanga unaumiza, kuona kunaporomoka. Wakati mwingine ukichungulia vizuri utaona utando mweupe umetuama chini, mbele ya ile duara nyeusi, kama maziwa yaliyobaki kwenye kikombe. Huo ni usaha.

Wengi wanasema, si mpaka liume? Hapana. Mwaka 1995 madaktari wa Marekani walichapisha utafiti wa wagonjwa 420 waliopata balaa hili katika wiki sita za mwanzo baada ya kupasuliwa. Katika kila 100, kama 94 walilalamika kuona ukungu, kama 82 macho yalikuwa mekundu, na waliosikia maumivu walikuwa kama 74. Piga hesabu mwenyewe: robo nzima hawakuumwa! Ndiyo maana nimeishikia bango ile kalenda ya ukutani. Maumivu bibi anaweza kuyaficha, au yasiwepo kabisa. Tarehe haifichiki.

Dawa yake ni antibayotiki zinazochomwa ndani ya jicho lenyewe, na pengine upasuaji mwingine wa kusafisha. Hakuna kidonge cha duka la pembeni kinachofanya kazi hiyo. Na hapa tunahesabu saa, hatuhesabu siku. Habari za "tungoje Jumatatu kliniki ifunguliwe" hapa hazina nafasi. Jumapili hospitali kubwa zina watu.

Kuna jingine ambalo linadanganya watu vibaya. Usiku ule ule wa kwanza, au siku inayofuata, mgonjwa anaumwa kichwa upande wa jicho lile, jicho lenyewe linamgonga, anaona duara za rangi kwenye taa, anatapika. Nyumba nzima inasema malaria hiyo, kimbieni mkapime. Kumbe ni presha ya jicho imepanda. Sisemi msipime malaria, pimeni, lakini mwambieni na anayempima kwamba huyu katoka kupasuliwa jicho jana. Wakati mwingine watu wanamwambia muuguzi habari za homa na kutapika, halafu lile jicho lenye kikinga wanalisahau kabisa.

La tatu linaweza kuja baada ya wiki, miezi, hata miaka, na haliumi hata chembe. Ghafla mgonjwa anaona mwanga kama flashi ya kamera pembeni ya jicho, hata akiwa gizani. Vidoa vyeusi vinaelea kama nzi au utando wa buibui, vingi kuliko alivyovizoea. Halafu kivuli kinaanza upande mmoja, kinajivuta kama pazia. Hapo retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, unabanduka. Watu waliokuwa na miwani mikali ya kuona mbali ndio wanaopatwa zaidi, na vijana waliopasuliwa pia, maana mtoto wa jicho si wa wazee peke yao. Yuko anayempata kwa kupigwa na kijiti au jiwe, na yuko anayeletewa na kisukari. Pazia likianza, ni siku hiyo hiyo.

Uvimbe wa katikati ya retina nao upo, huja wiki chache baadaye, maandishi yanapinda au katikati panakuwa na ukungu, na wenye kisukari wawe macho zaidi. Huo kwa kawaida unatibika kwa matone, ila lazima daktari auone.

Sasa tuje kwenye lile la kijiweni: "mtoto wa jicho karudi." Bibi alikuwa anaona safi, mwaka umepita, au miwili, ukungu umeanza tena taratibu. Wanaanza kutafutana ubaya. Mara daktari hakumaliza kazi, mara shangazi fulani ana jicho baya. Jamani, mtoto wa jicho hawezi kurudi, lenzi ilishatolewa! Kilichopata ukungu ni kile kifuko kilichobaki nyuma ya ile plastiki. Si wachache wanaopatwa. Anakalishwa kwenye mashine ya leza, daktari anatoboa kitundu katikati ya ukungu ule, hakuna kisu, ni dakika chache, anarudi nyumbani. Hili si la kukimbizana usiku, lakini pia si la kukaa nalo miaka mitatu mkimlaumu shangazi wa watu.

Na asiposoma gazeti hili bila miwani msipige kelele. Lenzi nyingi zinazopachikwa ni za kuonea mbali, ya karibu anatafutiwa miwani baada ya wiki kadhaa jicho likishatulia.

Tuje kwenye matone. Kwa kawaida ni ya kuua vijidudu na ya kushusha uvimbe, wiki nne hivi, kama daktari alivyoandika. Nawa mikono kwa sabuni. Bibi aangalie juu, vuta kope ya chini kidogo, dondosha tone moja, mdomo wa chupa usiguse jicho wala kope. Kama zipo chupa mbili, ngojea dakika tano kabla ya nyingine, vinginevyo la pili linalisukuma nje la kwanza. Tongotongo zifute kwa pamba safi na maji yaliyochemshwa yakapoa. Chupa ya jirani usiiguse, hata kama yeye imemponya. Na msiache katikati kwa kuona jicho limekuwa jeupe, wala msiongeze miezi kwa kununua mpya dukani: yale ya kushusha uvimbe yakitumika ovyo yanapandisha ile presha niliyoisema.

Kuhusu maziwa ya mama, asali, mkojo, maji ya majani, sitaki hata ubishi. Jicho lina kidonda kibichi ambacho wakati mwingine hakikushonwa hata uzi mmoja. Ukimimina humo kitu chochote ambacho hakikutoka hospitali, umeyafungulia mlango yale maambukizo ya ndani.

Usiku alale na kile kikinga cha plastiki, maana usingizini mkono unakwenda wenyewe kusugua. Ndoo ya maji asiinue. Moshi wa mkaa umpitie mbali. Kama ni mtu wa swala, hizo siku za mwanzo aswali amekaa, mgonjwa karuhusiwa, na maji ya udhu yasiingie kwenye jicho. Hapo utabishana naye, najua, bibi wa kusujudu miaka sitini humwambii kitu kirahisi. Mwache daktari amwambie mwenyewe siku ya kutoka.

Kuna wengine walipasuliwa kwenye kambi za macho huko wilayani, na madaktari wa kambi wakishamaliza wanapanda gari wanaondoka. Huyo akija mjini jicho likageuka, msiseme "arudi kule kule" wakati kule hakuna tena mtu. Mpelekeni penye daktari wa macho, na duka la miwani si mahali pake. Dar ipo CCBRT pale Msasani na ipo Muhimbili, Moshi kuna KCMC, Mwanza kuna Bugando. Mliopasuliwa mjini anzeni pale pale mlipopasuliwa, na ile kadi yake msiiache nyumbani. Namba ya simu ikiwa imeandikwa kwenye kadi, iingize kwenye simu yako leo, na mkipiga semeni mambo matatu: alipasuliwa lini, jicho lipi, na asubuhi ya jana alikuwa anaona nini ambacho leo haoni.

Nauli ya kwenda hospitali usiku itengeni kabisa, muiweke kwenye bahasha chini ya godoro la bibi. Yeye akiwa ameilalia hakuna wa kuikopa.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.