Mapacha wa Unyonge

Wapo wasemao kuwa kutafuta asili ya maneno ni kazi ya wasio na kazi. Neno, kwa madai yao, ni kama sarafu: yatosha kujua thamani yake sokoni leo, wala hapana haja ya kuuliza ilifuliwa wapi. Madai hayo yana sura ya busara, lakini ndani yake mna uvivu, na uvivu huo umekwisha kudhuru watu. Shahidi ni neno moja la Kiingereza, feeble, ambalo mwanafunzi hufundishwa kuwa maana yake ni dhaifu, kisha kitabu kikafungwa.

Asili yake ni Kilatini. Katika lugha hiyo flere ni kulia, na flebilis ni mtu au kitu cha kuliliwa. Neno likapita katika Kifaransa cha kale, likapoteza herufi moja njiani, likawa feble. Nao Waingereza wakalipokea kutoka huko karibu na mwaka 1200. Hapo mwanzo, basi, neno hilo lilitaja hali ya mnyonge pamoja na deni la anayemtazama, yaani machozi.

Katika karne ya 17 Waingereza walilichukua neno lile lile mara ya pili kwa Wafaransa, safari hii kwa sura ya foible. Katika mchezo wa panga foible ni sehemu ya upanga iliyo karibu na ncha, isiyo na nguvu ya kuzuia pigo. Likawa pia jina la kasoro ndogo ya tabia. Bwana mwenye mali akipenda mno kusifiwa, hiyo ni foible yake. Hutajwa kwa tabasamu, na husamehewa kabla hajaomba radhi.

Mama mmoja, basi, alizaa mapacha. Mmoja alikaribishwa sebuleni. Mwenziwe alipelekwa mahakamani. Mwaka 1913 Bunge la Uingereza lilitunga sheria iliyowagawa watu walioitwa wapungufu wa akili katika mafungu manne, na fungu moja liliitwa feeble-minded. Mwanamke aliyehesabiwa miongoni mwa wapungufu hao, akizaa nje ya ndoa hali anapokea msaada wa maskini, aliweza kufungiwa. Sheria hiyo ilikaa mpaka ilipofutwa kwa sheria ya mwaka 1959.

Huko Virginia, Marekani, neno lilifika mbali zaidi. Carrie Buck, msichana maskini aliyelelewa na watu baki, alipata mimba kwa kunajisiwa. Mwaka 1924 alipewa jina hilo, akatiwa katika nyumba ile ile alimokuwa mama yake. Tarehe 2 Mei, 1927, Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura nane dhidi ya moja, iliamua kuwa ni halali apasuliwe asizae tena. Na mwaka huo huo akapasuliwa. Binti yake Vivian, ambaye naye alidaiwa kuwa na upungufu huo huo, alikwenda shule, akaandikwa katika orodha ya wanafunzi waliofanya vyema. Alifariki mwaka 1932, akiwa na umri wa miaka minane. Katika nchi hiyo watu zaidi ya 60,000 walikatwa uzazi kwa sheria za namna hiyo.

Atatokea wa kujibu kuwa waliotenda ni watu, neno halina mkono. Ni kweli, neno halishiki kisu. Lakini hakimu hapati usingizi mwema akimhukumu msichana. Huupata akilihukumu fungu. Neno lililotakiwa kumliza ndilo lililomfariji. Kama angalikumbuka lilikotoka, huenda asingalibadilika. Lakini angalikosa pa kujificha.

Kwa hiyo mwalimu na mtunga kamusi wasitosheke kuandika dhaifu na kupita. Na waulize: ni nani aitwaye hivyo, na nani, na baada ya kuitwa hufanywa nini? Waswahili walikwisha kuamua shauri hili zamani waliposema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lugha imwitayo mtu mnyonge, kisha ikamnyima haki yake kwa jina hilo hilo, imekula deni la machozi.