Kocha Akishindwa: Mgala Muue na Haki Yake Mpe

Kandanda ni mchezo, lakini maneno yanayotoka katika ndimi za wapenzi wake mara nyingi si mchezo. Leo tumeona ni vyema tulizungumzie jambo linalomkuta kila mpenzi wa timu. Timu inapoanza kuyumba, na kocha wake ni yule yule aliyewahi kuipa furaha, tumhukumu vipi? Tumwambie aondoke, au tumstahi kwa wema wake wa jana?

Mfano ulio wazi ni wa Arsène Wenger, Mfaransa aliyeifundisha klabu ya Arsenal ya London tangu mwaka 1996 hadi 2018. Aliipa ubingwa wa Uingereza mara tatu, miaka ya 1998, 2002 na 2004, na ubingwa huo wa mwisho aliutwaa bila ya timu yake kufungwa hata mara moja katika mechi 38. Kombe la FA alilichukua mara saba. Hapa kwetu Afrika ya Mashariki wako maelfu ya watu wasiowahi kufika London, ambao mapenzi yao kwa Arsenal yaliletwa na timu ile ya akina Thierry Henry, Patrick Vieira na Nwankwo Kanu.

Kisha mambo yakageuka. Baada ya Kombe la FA la mwaka 2005, klabu ilikaa miaka tisa bila ya kombe kubwa. Mwezi Agosti 2011 ilifungwa mabao 8-2 na Manchester United. Mwezi Machi 2017 ilitolewa na Bayern Munich katika Ligi ya Mabingwa kwa jumla ya mabao 10-2. Mwezi huo huo, Arsenal ilipocheza ugenini na West Bromwich Albion, ndege mbili zilipita juu ya uwanja zikiburuta mabango. Moja ilitaka Wenger asipewe mkataba mpya. Ya pili ilisema kwamba bado anaaminiwa na anaheshimiwa. Siku hiyo Arsenal ilifungwa 3-1.

Watu wengi walizicheka ndege zile. Sisi tunaona kwamba zilieleza hali ya mpenzi mmoja mmoja, kwani wengi hawakuwa upande wa bango moja tu. Mtu alimpenda mwalimu wake na wakati huo huo akatamani aondoke. Je, huo ni unafiki? La hasha. Yote mawili yanaweza kuwa kweli, na ugumu uko katika kuyabeba yote mawili kwa insafu. Hapo kuna mambo manne ya kuzingatia.

Kwanza, wema uliotendwa haufutwi na kushindwa kunakofuata. Mwenye kusema leo kwamba Wenger hakuwahi kujua kazi anajikadhibisha mwenyewe, kwani ndiye aliyeshangilia mwaka 2004. Wahenga walisema, mgala muue na haki yake mpe.

Pili, wema huo si hati ya kumiliki kiti milele. Shukrani ni deni la moyo, ilhali kazi ni amana inayopimwa kila msimu. Hivyo basi, aliyesema kwa adabu kwamba wakati wa mwalimu umekwisha hakuwa msaliti wala mtovu wa fadhila. Kumnyamazia mtu anayekosea kwa sababu tu alitufaa zamani si kumheshimu. Ni kumwacha aharibu jina lake mwenyewe.

Tatu, hukumu itanguliwe na kuzijua sababu. Mwaka 2006 Arsenal ilihamia uwanja mpya uliogharimu mamia ya mamilioni ya pauni, na kwa miaka mingi ilibidi ibane matumizi. Wakati huo huo matajiri walikuwa wamezinunua Chelsea, mwaka 2003, na Manchester City, mwaka 2008. Arsenal ikawapoteza Cesc Fàbregas na Samir Nasri mwaka 2011, na Robin van Persie mwaka 2012. Pamoja na hayo, Wenger aliiweka timu katika nafasi nne za juu kila msimu mpaka 2016. Sababu hizi hazimwondolei lawama zote, lakini zinaonyesha kwamba mzigo haukuwa wake peke yake.

Nne, tuuchunge ulimi. Kusema kwamba ulinzi wa timu ni dhaifu ni kukosoa kazi. Kumtukana mtu mzima kwa umri wake, sura yake au asili yake ni dhulma, na umbali wa kutoka kibanda chetu cha kuonyeshea mpira hadi London haulihalalishi tusi.

Wako waliodhani kwamba akiondoka Wenger maradhi yote yatapona. Unai Emery aliyemfuata aliondolewa mwezi Novemba 2019, na Arsenal ikamaliza nafasi ya nane mwaka 2020 na tena 2021. Mikel Arteta, aliyekuwa nahodha chini ya Wenger, naye alianza msimu wa 2021 kwa kufungwa mechi tatu mfululizo, na sauti za kutaka afukuzwe zikasikika. Klabu ilimvumilia, na mwaka 2023 ikamaliza nafasi ya pili. Kumbe mabadiliko huwa ya lazima wakati fulani, lakini peke yake si dawa.

Tarehe 6 Mei 2018 Wenger aliagwa katika uwanja wa nyumbani baada ya ushindi wa mabao 5-0 dhidi ya Burnley. Katika hotuba yake alimtakia afya njema Alex Ferguson, mpinzani wake wa miaka mingi, aliyekuwa amelazwa hospitali. Uwanja mzima ulimpigia makofi, na bila shaka miongoni mwa waliopiga walikuwamo waliokuwa wakitaka aondoke. Makofi yale yalikuwa ya haki. Lakini haki hiyo haikupaswa kungoja siku ya kuagana, kwani hata katika siku za kufungwa iliwezekana kumwambia mwalimu: umetufaa, tunakushukuru, na sasa tunaona umefika wakati wa kumwachia mwingine. Mpenzi wa timu anayeweza kuyasema yote matatu kwa pamoja, bila tusi na bila uongo, huyo ndiye aliyeitendea haki timu yake na kocha wake.