Anayekataliwa Aambiwe Sababu

Tulipotangaza kwamba toleo hili litahusu namna vyama vyetu vya kahawa na Sacco zinavyopokea wanachama wapya kwa njia ya simu, makala yalimiminika, na karibu yote yalitaka jambo moja: mlango ukazwe. Mmoja anataka barua ya chifu ipigwe picha na kutumwa pamoja na kitambulisho. Mwingine anataka wadhamini waongezwe kutoka wawili hadi wanne. Wa tatu anataka jina la mwombaji lipitie CRB, kwenye kumbukumbu za mikopo, kabla kamati haijaliona, kana kwamba kununua hisa ni kuomba mkopo. Nimeyachapa yote, maana jarida si mali ya mhariri. Ukurasa huu, hata hivyo, ni wangu, na nimechoka kusoma habari za mwombaji wa kuogopwa ilhali kamati inayomchunguza haiulizwi lolote.

Hofu kubwa ya waandishi wetu ni matapeli wa mtandaoni. Sawa, wapo. Lakini ukaguzi wa KUSCCO, muungano wa Sacco nchini, ule uliofichua pengo la shilingi bilioni 13.3, haukumkuta popote kijana wa Ugweri, hapa Embu, aliyejaza fomu kwa simu ya kuazima. Anayetaka kulinda akiba za watu aanze kwa kuwakagua waliomo ndani, tena walioko juu.

Mimi linalonikera ni ukimya. Unajaza fomu, unalipa ada ya kujiunga kwa M-Pesa, unapata ujumbe kwamba ombi lako linashughulikiwa. Mwezi unaisha. Unampigia karani, anakuambia kamati haikutimiza akidi. Mwezi wa pili kamati imeketi, lakini ilikuwa na mambo ya mbolea. Mwezi wa tatu karani hashiki simu. Hujakubaliwa, hujakataliwa, na ada yako haijarudi. Huko ndiko tunakoambiwa kuna mageuzi. Tulichofanya ni kuichukua droo ya karani na kuihamishia kwenye kompyuta, na fomu zilizokuwa zikilala humo bado zimelala.

Sheria yenyewe si ngumu. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Vyama vya Ushirika, Sura ya 490, kinadai mwombaji awe ametimiza miaka 18, kazi yake ilingane na kusudi la chama, na awe anaishi au anakalia ardhi ndani ya eneo la chama. Hiyo "au" wanakamati wengi wameiruka. Barua ya chifu haimo humo, wala hatimiliki ya ardhi. Hayo yaliongezwa na sheria ndogo za vyama, na mara nyingine hata sheria ndogo hazina habari, ni mazoea tu yaliyoota mizizi.

Mwenye kutaka kuona mazoea hayo yanamwangukia nani aende kiwandani jioni ya msimu. Atamkuta mama amemwaga cheri kwenye turubai, anachambua mbichi na zilizokauka, anazirudisha kwenye gunia na kulipeleka kwenye mizani. Karani anauliza namba. Mama anataja namba ya mume wake, ambaye yuko Nairobi, au yuko kaburini tangu miaka kadhaa. Risiti inatoka kwa jina la mume. Malipo nayo yanafuata jina hilo hilo. Siku ya mkutano mkuu, mama huyo hana kura, kwa sababu si mwanachama. Alipoomba kujiunga aliulizwa hatimiliki iko kwa jina la nani. Mimi nauliza: kuna mkulima gani wa kahawa kati ya Kagaari na Kyeni kumzidi huyo? Kazi yake inalingana na kusudi la chama, na anaishi ndani ya eneo la chama. Sheria imemkubali, kamati ndiyo haijamjibu.

Najua hoja ya kamati, na si hoja ya kipuuzi. Wanasema shamba moja liwe na namba moja, la sivyo watu watagawanya mazao wakwepe madeni, na nyumba moja itafika mkutanoni na kura tano. Kuhusu madeni, kamati ina haki ya kutafuta dawa, kwa mfano kuunganisha mkopo na shamba badala ya namba. Lakini kilo hazizaliwi na namba. Miti mia tatu itazaa kahawa ya miti mia tatu hata ikipimwa kwa namba mbili. Na kuhusu kura, ikiwa watu watano wanapalilia, wananyunyizia dawa na kuchuma, sioni msiba wowote wakipiga kura tano. Kanuni ya mwanachama mmoja kura moja, tunayoisifu kila mwaka siku ya Ushirika, iliwekwa kwa ajili ya watu. Hakuna aliyewahi kuipa ekari kura.

Sasa mama huyu apeleke wapi malalamiko yake? Baraza la Ushirika, yaani ile mahakama ya vyama, linasikiliza migogoro ya wanachama, waliokuwa wanachama, wanaodai kupitia kwao, na vyama vyenyewe. Hivyo ndivyo kifungu cha 76 kinavyosema. Aliyekataliwa mlangoni hamo. Amenyimwa chama, na kwa sababu hiyo hiyo amenyimwa mahali pa kulalamikia kunyimwa kwake. Makala zote za toleo hili hazikuona tundu hilo, hata ile ya mwanasheria. Inabaki Ibara ya 47 ya Katiba, inayompa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kuandikiwa sababu, na sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa kuitekeleza, ambayo haiziachi nje taasisi zisizo za serikali. Lakini hiyo ni safari ya Mahakama Kuu, na wakili atadai zaidi ya thamani ya hisa zenyewe.

Sehemu hii ya nchi ina kumbukumbu ndefu ya kupitishwa na kamati. Katika miaka ya 1930, kahawa ya Waafrika iliporuhusiwa kwa majaribio Kisii, Meru na Embu, mkulima alihitaji kibali na miche yake ilihesabiwa. Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipowachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakupiga kura bila cheti cha utiifu kwa serikali ya kikoloni. Daftari lililochujwa hivyo liliipa Meru uzito, na Bernard Mate, Mmeru, akamshinda Eliud Mathu, Mkikuyu. Wazee wetu walijua maana ya kupimwa na watu wasiolazimika kueleza wamepima nini.

Na mwaka 2021 tuliona upande wa pili, Wakenya walipoingia eCitizen na kujikuta wameandikishwa kwenye vyama vya siasa wasivyoviomba. Makala kuhusu mkasa huo iko katikati ya toleo na inasomeka vizuri. Ile ya programu ya kuchuja maombi bila binadamu isomwe pamoja na kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambacho mwandishi wake amekisahau. Ya barua ya chifu nimekwisha kuisemea.

Ninachotaka mimi ni kidogo. Kila ombi lijibiwe ndani ya siku 30. Jibu la hapana litaje kifungu cha sheria ndogo kilichotumika na liwe na majina ya wajumbe walioamua. Ada irudi kwa namba iliyoilipa. Aliyekataliwa aruhusiwe kusimama mbele ya mkutano mkuu kwa dakika chache kabla wanachama hawajaamua. Na idadi ya walioomba, waliokubaliwa na waliokataliwa isomwe katika mkutano huo pamoja na mahesabu. Pendekezo lenye maneno hayo limechapwa nyuma ya jalada, likiwa na nafasi ya namba na sahihi ya mwanachama. Likatwe, lipelekwe ofisini kabla ajenda haijafungwa, na karani atoe stakabadhi ya kulipokea.