Houston: Jiji lililojichimbia bahari

Wiki hii tunapanda pipa hadi Unyamwezini. Washikaji wengi nikiwauliza wakipata viza watafikia wapi, wananijibu New York. Wengine Los Angeles, kisa wameiona kwenye video. Houston, Texas, haitajwi kabisa. Basi taarifa ni kwamba ukitua huko, ukienda mitaa ya kusini magharibi, unaweza kusikia Kiswahili kwenye ngazi za ghorofa. Wakimbizi wengi wa Kongo walipelekwa huko, na Wabongo na Wakenya nao wapo, wanapiga boksi kama kawa.

Ni jiji la nne kwa wingi wa watu Marekani. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 2,304,580, na ukijumlisha miji iliyolizunguka wanapita milioni 7. Sasa futa ile picha ya mzungu mwenye kofia pana juu ya farasi. Wazungu hawafiki hata robo nne za jiji kuwa zao, namaanisha ni chini ya robo moja tu! Wenye asili ya Mexico na nchi jirani zake ni zaidi ya asilimia 40, weusi ni kama mmoja katika kila watano, halafu kuna Wavietnam, Wahindi, Wachina na Wanaijeria kibao. Kaka zetu waliocheza kikapu miaka ya 1990 wanamjua Hakeem Olajuwon. Huyo ni mtoto wa Lagos, alifika Houston mwaka 1980 kusoma chuo kikuu, akaja kuwapa Rockets ubingwa wa NBA mwaka 1994 na 1995. Dada Beyoncé naye kazaliwa hapo hapo.

Jiji lilianzishwa mwaka 1836 na ndugu wawili wa ukoo wa Allen, ambao kazi yao ilikuwa kuuza viwanja. Walinunua ardhi kando ya kijito chenye tope na mbu, wakaitangaza magazetini kama pepo. Madalali ni wale wale dunia nzima.

Bahari ilikuwa mbali, na bandari ya maana ilikuwa Galveston. Mwaka 1900 kimbunga kikaisambaratisha Galveston na kuua maelfu ya watu. Mwaka uliofuata mafuta yakafumuka Spindletop, mashariki ya Houston. Jamaa wakaona isiwe taabu, wakakichimba kile kijito kikawa kirefu na kipana, na mwaka 1914 mfereji ukafunguliwa. Meli kubwa zikaanza kuingia bara karibu kilometa 80! Leo hiyo ni moja ya bandari kubwa kabisa za Marekani, na kandokando yake viwanda vya kusafisha mafuta vimejipanga kama maduka ya Kariakoo.

Lakini mafuta yana wenyewe. Bei ilipoanguka miaka ya 1980, ajira zaidi ya 200,000 ziliyeyuka na benki zikafa. Mwaka 2001 kampuni ya nishati ya Enron ikafilisika, wafanyakazi wakapoteza kazi pamoja na akiba ya uzeeni waliyoiweka kwenye hisa zake. Kilicholisaidia jiji ni kwamba halitegemei pampu tu. Kuna kituo cha NASA kinachoongoza safari za wanaanga, na kuna mkusanyiko wa hospitali, Texas Medical Center, wenye wafanyakazi zaidi ya 100,000.

Utawala wake? Meya wa huko si wa kukata utepe. Anachaguliwa na wananchi moja kwa moja, ndiye bosi wa idara za jiji na ndiye mwenyekiti wa baraza lenye madiwani 16. Kwa miaka mingi ajenda ilikuwa mali yake, hadi mwaka 2023 wapiga kura walipoamua kwamba madiwani watatu wakiungana nao wanaweza kuingiza hoja. John Whitmire alishika kiti hicho Januari 2024.

Kali kuliko zote ni hii: Houston haina sheria ya kugawa maeneo, kwamba hapa makazi, pale viwanda. Wananchi waliikataa kwa kura mwaka 1948, 1962 na tena 1993. Ndiyo maana nyumba zinajengwa chapchapu na bei yake ni nafuu kuliko New York. Matajiri wanajilinda kwa masharti yaliyoandikwa kwenye hati za viwanja vyao. Asiye na hati ya namna hiyo anapata jirani yeyote. Mwaka 1979 msomi Robert Bullard alifuatilia taka za jiji zinakomwagwa, akakuta madampo yote matano ya jiji yako kwenye mitaa ya weusi. Yote matano, jamani, wakati weusi walikuwa kama robo tu ya wakazi!

Halafu kuna maji. Mabwawa ya Addicks na Barker yalijengwa miaka ya 1940 kuzuia mafuriko, na siku za kawaida ni makavu. Madalali wakauza viwanja hadi ndani ya eneo ambalo maji yalitakiwa kujaa. Kimbunga Harvey kilipokuja mwaka 2017, maelfu ya nyumba humo zikazama, na wenye nyumba wengi wakasema hawakuwahi kuambiwa wamenunua ndani ya bwawa. Mwaka 2019 mahakama ikaamua kwamba serikali kuu inawajibika.

Kwa hiyo wewe unayefunga begi, kodi ya bei poa isikupe kiwewe. Tangu Januari 2022 sheria ya Texas inamtaka mwenye nyumba amwambie mpangaji kwa maandishi kama nyumba iko kwenye eneo la mafuriko, na kama iliingia maji ndani ya miaka mitano iliyopita. Iombe hiyo karatasi kabla hujatoa senti.