Dungu Linatisha Kuliko Jumba la Makaburini

Vijana wanaoandika hadithi za kutisha na kuzichapisha kwa gharama zao hunipa miswada niipitie. Karibu yote ina jumba bovu, makaburi yenye ukungu na mnyonya damu aliyevaa joho. Nani hapa Kilimarondo amewahi kukosa usingizi kwa sababu ya joho?

Mkoa wetu wa Lindi una hofu yake. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua Watanzania wasiopungua 563, na wilaya za kusini ziliumia kuliko nyingi. Mashambulio yalizidi msimu wa mavuno, watu walipolala madunguni kulinda mazao yasiliwe na nguruwe pori. Simba alimfuata nguruwe, akamkuta mkulima. Kisha vijijini pakaulizwa kwa kunong'ona: ni mnyama huyu, au ametumwa? Kwa maoni yangu, swali hilo linatisha kuliko meno, kwa kuwa aliyemtuma huenda ndiye uliyemwazima jembe jana.

Marehemu Ben Mtobwa aliandika riwaya za kusisimua na akaanzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko. Nanyi mna haki ya kutomngoja mtu. Ila ajichapishiaye hana mhariri wa kumshika mkono, ndipo nakutana na "alitetemeka sana sana" na alama tano za mshangao (tano, nimezihesabu). Mlipeni msahihishaji kabla ya mchora jalada. Na huyo simba msimwonyeshe mapema. Msomaji asikie kwanza mabua yakivunjika chini ya dungu.