Reale ya Barghash



Juma hili kijana mmoja wa hapa Mkomaindo alitujia na sarafu ya fedha aliyoachiwa na bibi yake, akiamini kuwa ndiyo reale adimu ya Sultani Barghash wa Unguja, ambayo wakusanyaji wa sarafu za kale huitafuta sana. Tulipoigeuza tulikuta kichwa cha Kaisari wa Ujerumani. Ilikuwa rupia ya Mjerumani tu. Reale ya Barghash haina sura ya mtu. Ina maandishi ya Kiarabu, jina la mtawala, na mwaka 1299 wa Hijria, ndio 1882 kwa hesabu yetu.

Jina hilo lilifika kwenye fedha kwa njia ndefu. Seyyid Said alipofariki mwaka 1856, wanawe waligombea urithi: Majid alishika Unguja, Thuwaini akashika Omani. Mwaka 1859 Barghash alimwasi Majid, dada yao Salme akimwandikia barua za siri. Waingereza walimsaidia Majid, naye Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Mwaka 1861 Waingereza hao hao waliamua kwamba Unguja ijitegemee, ila ilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Barghash alikikalia kiti mwaka 1870, Majid alipofariki, na hatimaye akatoa reale yake. Haikuiondoa sokoni ile ya Maria Theresa wa Austria, ambaye naye, tukumbuke, alilazimika kupigania kiti chake tangu 1740.

Wengi husimulia ugomvi huo kama habari za jumba la kifalme. Sisi hatukubaliani nao. Hazina waliyoigombea ilijazwa na ushuru wa forodha: karafuu, pembe za ndovu, na watu waliotolewa bara, huku kusini na upande wa Nyasa, wakapitishwa Kilwa na kutozwa ushuru kwa kichwa.

Kwa haki, ni Barghash huyo huyo aliyetia sahihi mwaka 1873 kulifunga soko la watumwa, ingawa kwa kushurutishwa na Waingereza. Miaka mitatu baadaye Askofu Steere, wa ndugu zetu Waanglikana, alileta Masasi kundi la waliokombolewa. Wajukuu wa wajukuu wao ni majirani zetu, na kijana wa rupia ni mmoja wao.

Anayeionyesha reale hiyo na kuitajia bei, basi awataje na hao.