Utetezi wa Gunzi

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Methali hii yamhusu kila mtu anunuaye chombo kwa mara ya kwanza, na kwa yakini yamhusu kijana mwenye elimu ambaye, akiisha kupokea mshahara wake wa kwanza, huona kwamba kilichobaki kukamilisha heshima yake ni kiko. Rai ya watu wa namna hii ni kwamba kiko cha kwanza sharti kiwe cha mzizi mgumu wa mti wa Ulaya, chenye pete ya fedha shingoni na jina la mtengenezaji ubavuni. Na kwamba kiko cha gunzi la muhindi ni kichekesho, kitu cha kumpa mtoto achezee. Rai hiyo ni mbovu. Ni mbovu kwa hesabu ya fedha, ni mbovu kwa historia, na ni mbovu kwa lugha. Wala hakuna mahali ambapo ubovu wake waonekana wazi kama Mpanda.

Mpanda ni mji mkuu wa Mkoa wa Katavi, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kugawanywa Mkoa wa Rukwa. Tawi la reli litokalo Kaliua lilifikishwa huko kwa ajili ya mgodi wa risasi. Mgodi ukakoma, reli ikabaki, na nchi ikashikamana na kilimo. Mahindi ndiyo chakula, tumbaku ndiyo fedha. Hata katika makazi ya Katumba na Mishamo, yaliyofunguliwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya watu walioikimbia Burundi mwaka 1972, na ambayo wakazi wake wengi walipewa uraia wa Tanzania mwaka 2014, tumbaku imelimwa bega kwa bega na mahindi, maharage na mihogo. Basi vitu viwili vinavyokipa kiko cha gunzi maana yake, yaani gunzi lenyewe na tumbaku, hukutana katika shamba la mtu mmoja. Lakini gunzi huishia kuwa kuni au kizibo cha kibuyu, na tumbaku hufungwa marobota ikasafirishwa.

Mkulima huyo ana elimu ambayo mnunuzi wa kiko hana. Tumbaku ya Mpanda ni tumbaku ya mvuke. Majani huchumwa machache machache, ya chini kwanza, kwa kadiri yaivavyo. Hutungwa katika fito. Kisha hukaushwa ndani ya bani kwa joto la kuni, siku kadha wa kadha, usiku na mchana, na mlinzi wa moto hathubutu kulala. Baada ya hapo huja kazi ya madaraja. Jani hutazamwa rangi yake, hupapaswa unene wake, huulizwa limetoka sehemu gani ya mche, lina doa au halina. Ndipo liwekwe pamoja na wenzake. Sokoni huja mteuzi, naye huyapitia marobota moja baada ya jingine. Kazi yake si kuuliza sifa za ukoo wa mwenye shamba. Kazi yake ni kutazama jani. Ajabu ni kwamba mwana wa mkulima huyo, akiisha kusoma, huteua kiko kwa kinyume cha elimu ya baba yake: huuliza jina kwanza, na kitu chenyewe hakitazami kabisa.

Wanaolidharau gunzi hudai kwanza kwamba halina heshima. Hao hawajui habari zake. Mkerezaji Henry Tibbe, mhamiaji kutoka Uholanzi, alianza kukereza viko vya magunzi mwaka 1869 katika mji wa Washington, jimbo la Missouri, Marekani. Na mwaka 1878 alipata hataza ya ufundi wa kuyapaka magunzi plasta ili yawe laini na imara. Kazi hiyo ingali ikiendelea mjini humo. Jenerali Douglas MacArthur alipotelemka katika ndege huko Atsugi, Japani, tarehe 30 Agosti 1945, alikuwa na kiko cha gunzi kinywani. Mfano huu hautolewi ili jina la jenerali liwe pete ya fedha ya gunzi. Watolewa ili ionekane kwamba heshima haikutoka katika kiko. Mtu aliyekwenda kupokea utii wa dola nzima hakuliona gunzi haya. Karani wa Mpanda amwonea haya nani?

Hudai pili kwamba kiko ni kitu cha kigeni, na kwa kuwa Kiswahili hakina maneno ya sehemu zake, mvutaji hana budi kukipokea kama kilivyoletwa, kwa jina lake na kwa bei yake. Dai hili ni aibu likitamkwa na msomi. Edward Steere, katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja kilichochapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1870, alikwisha kuandika alichokisikia kwa wenyeji: kikombe kitiwacho tumbaku ni bori; mrija utokao katika bori kuingia chombo cha maji ni digali; chombo cha maji ndicho hasa kiko; mrija uendao kinywani ni shilamu; na mlio wa maji wakati wa kuvuta ni malio ya kiko. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ikayahifadhi. Lugha iliyoupa jina hata mlio wa kiko haiwezi kusingiziwa ububu. Kiko cha gunzi hakina maji, kwa hiyo hakina malio. Lakini bori lake ni bori, na shilamu yake ni shilamu.

Na kama ugeni ndio kosa, gunzi halina kosa kuliko mengine. Muhindi na tumbaku vyote viwili asili yake ni bara la Amerika. Vilivuka bahari vikapokewa, na muhindi ukapewa jina la Uhindi ambako haukutoka. Neno kiko nalo limesafiri kwa njia iliyo kinyume. Katika karne ya 20 Tanganyika Meerschaum Corporation ya Arusha ilitengeneza viko vya jiwe jeupe jepesi lililochimbwa upande wa Amboseli, na viko hivyo viliuzwa ng'ambo kwa jina la Kiko. Mvutaji wa Ulaya alinunua neno la Kiswahili, na msomi wa Kiswahili akatafuta la Ulaya.

Hudai tatu kwamba gunzi halidumu. Hili ni kweli, na ndiyo sifa yake kwa anayeanza. Mwanafunzi wa kiko hushindilia tumbaku kupita kiasi, huvuta kwa pupa, huunguza ulimi, na huunguza bori. Afadhali ajifunze kwa chombo ambacho bei ya kimoja cha mzizi hununua vingi vya namna yake. Tena gunzi hunywa unyevu wa tumbaku, ni jepesi menoni, wala halihitaji kuzoezwa moto kidogo kidogo kama mzizi. Lakini si kila gunzi lafaa. Huko Missouri hulimwa mahindi yenye magunzi manene kwa kusudi hilo. Shambani mkulima husifu gunzi jembamba, kwa kuwa punje ndiyo faida yake. Mteuzi wa kiko na atazame hivi: gunzi liwe limekauka kabisa, gumu, lisilobonyea kwa kidole, tundu liwe katikati, ili ukuta uwe na unene mmoja pande zote, njia ya moshi itokeze chini kabisa ya bori, isitokeze ubavuni juu, shilamu ikae imara isilegee. Mambo manne tu, na hakuna hata moja lililoandikwa ubavuni mwa kiko.

Ipo hoja ya nne, nayo haitoki kwa wapenda pete ya fedha. Yatoka kwa waganga, na ni nzito kuliko zote. Shirika la Afya Duniani laihesabia tumbaku vifo zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Moshi wa kiko, hata usipofikishwa mapafuni, huleta saratani ya mdomo na ya koo. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 yakataza kumwuzia tumbaku mtu asiyetimiza miaka 18. Aliyeteua kutokuwa na kiko ameteua vyema kuliko wote, na hakuna neno la utetezi huu linalompinga. Lakini kwa mtu mzima aliyekwisha kuazimu, hata hapa gunzi lamshinda mpinzani wake kwa ukweli. Kiko cha ghali hung'aa nje miaka mingi, na madhara hufanyika gizani, ndani ya mwili. Gunzi huungua mbele ya macho: ukuta hupungua, chini hutoboka, na mvutaji huona kwa jicho lake moto ufanyavyo. Tena aliyetoa fedha kidogo aweza kukiacha kiko chake kesho bila majuto. Aliyetoa mshahara wa mwezi mzima huendelea kuvuta ili gharama isipotee.

Basi kiko cha kwanza na kiteuliwe kama jani liteuliwavyo, kwa jicho na kwa kidole. Kijana wa Katavi alisomeshwa kwa fedha ya majani yaliyoteuliwa hivyo. Wa mahali pengine aweza kusema hakufundishwa. Yeye hana udhuru.